Kibandiko, kiboksi au kamera: kipi kinafaa kwenye barabara za tozo?

Kama unapita barabara ya tozo zaidi ya mara mbili kwa wiki, chukua kibandiko cha kioo. Ni kipande chembamba chenye chipu na antena, hakina betri. Nguvu hukipata kwenye mawimbi ya kisomeo kilichoning'inia juu ya leni. Ndiyo maana ni rahisi kukitengeneza, na ndiyo maana hakivumilii kubandikwa ovyo.

Makosa mengi hufanyika siku ya kwanza. Futa kioo cha mbele kwa ndani kwa spiriti, kiache kikauke, kisha bandika juu katikati, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, mbali na ukingo wa bati. Sugua kwa kadi ngumu kutoka katikati kwenda pembeni hadi viputo vya hewa viishe. Ukikosea, usibandue: antena imeundwa ikatike ili kibandiko kisihamie gari jingine. Kioo kikipasuka na kubadilishwa, kibandiko nacho kimekwenda. Gari lenye kioo cha kuzuia joto huwa na utando wa metali unaoziba mawimbi. Tafuta eneo la vidoti vyeusi karibu na kioo cha kutazamia nyuma, mara nyingi utando huo haupo hapo. Tinti yenye metali ina ugonjwa uleule.

Kiboksi cha betri, kinachotumika sana Ulaya kwa masafa ya 5.8 GHz, husomeka vizuri na kwa kawaida hulia ukipita. Lakini betri huisha baada ya miaka kadhaa, na jua la dashibodi huiwahisha. Ukikilaza badala ya kukipachika kwenye kishikizo chake, kisomeo hukikosa. Kubeba viwili ndani ya gari moja ni kujitafutia kutozwa mara mbili.

Kamera ya namba ya gari haidai kifaa chochote, kwa hiyo inamfaa mgeni na mpita njia. Barabara kuu ya 407 ya Toronto imetoza bila vibanda tangu 1997: mwenye kifaa husomwa, asiye nacho hupigwa picha na kulipa nyongeza. Hapo ndipo udhaifu ulipo, kwa sababu picha inahitaji kuhakikiwa na bili kutumwa. Tope, rafu ya baiskeli au herufi za mapambo hugeuza B kuwa 8, na bili ikaenda kwa mtu asiyehusika.

Pesa taslimu? Ya dharura tu. Kibanda cha taslimu hupitisha takriban magari 350 hadi 400 kwa saa, wakati leni ya kawaida ya barabara kuu inaweza kubeba karibu 2,000. Piga hesabu: kila leni inahitaji vibanda vitano hadi sita ili foleni isianze. Ndiyo maana India ilipolazimisha FASTag, kibandiko chake cha tozo, Februari 2021, asiye na kibandiko alitozwa mara mbili. Mji ukipanua barabara bila kugusa vibanda, foleni inahama tu.

Na upanuzi wenyewe usiuamini sana. Barabara kuu ya Katy Freeway ya Houston, Marekani, ilipanuliwa 2008 ikafikia leni 26 sehemu pana zaidi, ukihesabu barabara za pembeni. Kufikia 2014 safari za jioni zilikuwa zimerefuka tena. Kinachouzwa kwenye leni za tozo ni uhakika wa muda. Leni za tozo za barabara ya 91 kusini mwa California, zilizofunguliwa 1995, huuza hasa hicho: bei hupanda saa za msongamano ili magari yasijae. Ukisafiri saa ambayo leni za bure hazina foleni, hakuna ulichonunua.

Penye kizuizi, ingia polepole, karibu kilomita 20 kwa saa, na uache nafasi ya gari moja au zaidi. Ukimgandamiza wa mbele, mfumo huweza kuchanganya nani amelipa na kizuizi kikakushukia. Ukivuta tela, hakikisha kwanza akaunti inaruhusu ekseli za ziada. Mashine huzihesabu chini ya magurudumu na ikikuta tofauti hukusimamisha. Salio likiwa sifuri, kibandiko kizima husomwa sawasawa na bado unazuiwa, kwa hiyo weka tahadhari ya salio kwenye simu itakayolingana na safari tano, si moja. Siku ya kuuza gari, funga akaunti kabla ya kukabidhi funguo.