Aliyebuni mdomo wa mrija huu hajawahi kuosha sufuria ya uji

Kama umewahi kulala bila kuloweka sufuria ya uji wa wimbi, unajua asubuhi yake ilivyo. Sasa chukua uji huo uuweke kwenye kifereji chembamba kama njiti ya kiberiti, na kifereji chenyewe kiwe kwenye mrija unaoingia tumboni mwa mama yako.

Mama alipigwa na kiharusi mwaka juzi hivi, akashindwa kumeza. Alianza na mrija wa puani, baadaye akawekewa wa tumboni. Huu mdomo wake ni wa kuzungusha, sirinji inajifunga kama kifuniko cha chupa. Nilishangilia. Ule wa zamani sirinji ilichomoka katikati ya mlo, maziwa yakaishia kwenye shuka na kwenye nywele zangu. Furaha yenyewe ilidumu wiki, labda mbili.

Ncha ya katikati imezungukwa na kihandaki. Kila ukifungua sirinji, tone linaangukia humo: maziwa, uji, dawa ya presha iliyosagwa. Yale maji ya kusukuma kabla na baada ya chakula yanapita katikati tu, handaki hayaligusi. Kufikia asubuhi kunanuka uchachu, na sirinji imeganda hadi uifungue kwa kitambaa huku Mama amekunja uso. Pamba za masikio zinaacha nyuzi. Nimeishia kwa mswaki wa mtoto, nikaupunguza nywele kwa makasi. Na huku kwetu mtaa wa Umoja maji ya mfereji yana siku zake. Siku nyingine unasugua ukihesabu vikombe vya mtungi.

Nikarudi kwa duka lililotuuzia vifaa, huko mjini. Kijana wa kaunta, macho kwa simu: "Mathe, si ununue tu mpya?"

Mpya! Kijana wangu, hii si balbu. Mrija uko ndani ya mtu. Kuubadilisha ni teksi, foleni, daktari, na mzee wa watu kubebwa ngazi orofa tatu kwenda na kurudi. Nikamuuliza kama wana brashi yake. Hata hakuinua kichwa: "Hiyo ni ya kusuuza na maji." Nilitamani nimpe mswaki wangu anionyeshe.

Sista wa kliniki ndiye aliyenieleza kwamba brashi za kazi hiyo zipo. Akanieleza pia mdomo huo ulikotoka: ni kiwango cha kimataifa, ISO 80369-3 cha mwaka 2016, umbo lililochaguliwa ili mrija wa chakula usiweze kuunganishwa na dripu. Kuna wagonjwa waliokufa kwa maziwa kuingizwa kwenye mshipa wa damu. Hapo nikanyamaza, nikaona aibu kidogo kwa yote niliyoyasema njiani.

Lakini bado. Waliofikiria kosa la nesi aliyechoka walifanya vizuri. Mimi je, ninayefungua na kufunga mara sita kwa siku? Wangeliacha handaki pana kidogo, kidole chenye kitambaa kipite.

Nilikuwa nimeupa mdomo huu nyota mbili. Sirinji haijachomoka hata siku moja, kusema ukweli, basi tatu. Jana usiku stima zikapotea katikati ya kusugua, nikashika tochi ya simu kwa meno. Mbili.