UFO: Enemy Unknown: suti ni chache, askari ni wengi

Mimi ni mtu wa stoo kwenye shamba la maua upande wa Njoro. Ovaroli, mabuti na barakoa za kupiga dawa hupitia mikononi mwangu, kwa hivyo mchezo unaoniuliza nani avae nini kabla hajatoka mlangoni ulinishika mara moja. Ni wa zamani, wa 1994, kazi ya ndugu wawili Waingereza, Julian na Nick Gollop. Niliununua mtandaoni wakati wa punguzo, kwa hela zisizofika sahani ya kuku na chipsi hapa Nakuru, na laptopu yangu kuukuu inauendesha bila kulalamika.

Unaongoza kikosi kinachozuia viumbe wa angani wasiiteke dunia. Askari huanza na nguo za kawaida, yaani wanakufa kama kuku wa kideri. Baadaye mafundi wako wanaweza kuwashonea Power Suit, suti yenye kinga 100 mbele, 80 ubavuni na 70 mgongoni. Kila moja inakula dola 42,000 na Elerium 5, yaani mafuta ya vyombo vya viumbe hao. Pesa utapata. Elerium ndiyo shida: haitengenezwi, unaitoa kwenye visahani vyao vya angani ulivyoviteka, na mtambo mmoja wa nishati uliopona humo una 50. Hizo ni suti kumi, au suti tatu za kuruka zinazomeza 16 kila moja. Na bado risasi za plasma zinaidai Elerium hiyohiyo.

Basi nani apewe? Wengi huwavisha walenga shabaha hodari kwanza. Mimi sikubali. Mlenga shabaha yuko nyuma kabisa, amejibanza kwenye gurudumu la ndege iliyowaleta. Suti ya kwanza ni ya anayeshuka ngazi kwanza, hata kama hajui kulenga hata ng'ombe. (Kazini pia, anayepigania barakoa mpya kwa kelele nyingi ni yule asiyeingia grinhausi.)

Tena suti si uchawi. Heavy Plasma, bunduki kali ya viumbe hao, ina nguvu 115, lakini pigo lake linaweza kutoka sifuri hadi mara mbili ya hiyo. Askari wangu Nyundo alishuka, akapigwa kifuani, akabaki wima. Nikashangilia peke yangu chumbani. Akasonga hatua chache kuelekea ghala la mkulima, mgongo ukawa wazi, na kiumbe aliyekuwa juu dirishani akammaliza kwa risasi moja. Suti ikaenda naye. Mchezo huu haurudishi suti ya marehemu stoo, na hapo ndipo ninapoupendea: ukimvisha mtu, umeamua.

Suti ya kuruka ninaigawa kwa ubahili zaidi. Kuna viumbe wanaoteka akili ya askari wako na kumfanya awageuzie wenzake bunduki, na kinga ya chuma haisaidii hapo. Uimara wa akili haupandi kwa mazoezi. Askari amezaliwa nao, nawe unaujua tu ukishajenga maabara ya saikiki (ya nguvu za akili) na kumweka humo mwezi mzima. Mwenye akili nyepesi akipaa juu ya paa na kinga 110 kifuani, halafu akatekwa, utamwangushaje? Huyo kwangu analinda kambi, hata awe na cheo gani.

Lawama ninazo. Vitufe havina maelezo, na kuwavisha askari mmoja mmoja kunachosha vidole. Lakini unachezwa kwa zamu, hakuna anayekukimbiza. Ugali ukiiva unaacha, unarudi baadaye. Hifadhi kila baada ya zamu mbili tatu, hasa kama betri yako imekufa kama yangu na stima za mtaa wenu ni za kubahatisha.