Laki tisa kwa mtoto wa kwanza, laki tatu kwa wa pili: nilichokitumia na kilicholala kabatini

Kwa mtoto wangu wa kwanza nilimaliza shilingi laki tisa kabla hata sijashikwa na uchungu. Kwa wa pili, miaka minne baadaye, laki tatu ilitosha na ikabaki nauli. Ninaandika haya kwa sababu mdogo wangu ana mimba ya miezi saba, na orodha aliyonitumia kwenye simu inafanana sana na ile yangu ya kwanza: kigari, mto wa kutengeneza kichwa, seti ya poda na manukato, viatu, pampu ya umeme, kopo la maziwa. Mimi ni karani wa hesabu, naishi Tabata, Dar es Salaam, siuzi vitu vya watoto. Ninasema yale niliyoyatumia kwa mikono yangu.

Siku hizi kila kitu nakipima kwa swali moja. Saa nane usiku, mtoto analia, umeme umekatika: mkono wangu ulinyooka kuchukua nini?

Mara nyingi ulinyooka kuchukua kanga. Mama yangu alitoka Tanga na doti sita za kanga kuukuu kwenye mfuko wa salfeti, zilizofuliwa mpaka zikawa laini kama pamba. Niliona haya kwenda nazo hospitali. Nikabeba mablanketi mapya ya manyoya niliyonunua Mtaa wa Kongo, mawili kwa elfu hamsini na tano. Siku ya tano mtoto alikuwa amejaa harara shingoni na makwapani, kwa sababu ulikuwa mwezi wa nne, mvua inanyesha lakini chumba kina joto na unyevu, na mimi nimemfunga manyoya. Mama hakunisema. Aliyaondoa yale mablanketi, akamfunika kanga moja, akaifungua ya pili akaitandika, ya tatu akajifunga begani kwa ajili ya kucheulia. Tangu siku hiyo sijaona kitu cha mtoto kinachoishinda kanga iliyochakaa. Ni shuka, ni taulo, ni mbeleko, ni pazia unaponyonyesha kwenye daladala, na ikishindikana kabisa ni nepi. Mpya zina wanga na hazinywi maji, kwa hiyo ukinunua mpya zifue mara tatu nne kabla mtoto hajazaliwa. Ila kama una mama, shangazi au bibi, muombe za kwake. Hakuna duka linalouza kanga iliyofuliwa miaka kumi.

Nepi na pampasi ndilo jambo ambalo watu hubishana sana, na naona wengi wanasahau kuuliza mtoto anazaliwa msimu gani. Nilifanya hesabu, ndiyo kazi yangu. Mtoto mchanga wa wiki za kwanza hubadilishwa mara nane hadi kumi kwa siku. Pampasi ndogo nilikuwa nanunua kwa wastani wa shilingi 450 moja, maana yake elfu nne na mia tano kwa siku, laki moja na elfu thelathini na tano kwa mwezi. Nepi za kitambaa 24 zilinigharimu elfu sitini na zimetumiwa na watoto wawili. Kwa hesabu za kwenye karatasi, nepi zinashinda bila ubishi. Lakini wa kwanza alizaliwa kwenye masika. Nepi zilikaa kwenye kamba siku mbili, zikaanza kunuka uvundo, tukawa tunazianika ndani juu ya viti, na mwisho wa siku baba yake anatumwa dukani kununua pampasi za rejareja ambazo ni ghali kuliko za pakiti. Kwa wa pili, Januari, nepi iliyoanikwa asubuhi ilikuwa imekauka kabla ya adhuhuri.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kama unajifungua kati ya Machi na Mei, nunua nepi chache, dazeni moja, na weka hela ya pampasi. Kama ni kiangazi, nunua dazeni mbili, na pampasi ziwe za usiku na za safari tu. Usinunue pakiti kubwa za saizi ya kwanza hata kama muuzaji anakupunguzia. Wa kwanza wangu alizaliwa na kilo 3.7, na mwezi haukuisha pampasi zile zikawa zinambana mapaja; nilibaki na pakiti nzima. Na nepi zilizoanikwa nje zipige pasi, hasa kwenye mishono, kwa sababu kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtoto. Pasi ni kazi, na inakula umeme, lakini hilo sijawahi kuliacha.

Nguo sizungumzii sana. Nilinunua mpya 24, alizivaa wiki tano. Kwa wa pili nilikwenda Karume asubuhi wanapofungua belo, nikachagua nguo kumi na mbili za mtumba kwa elfu kumi na nane, zote za kufunguka mbele kwa vifungo vya kubonyeza. Nguo ya kuvalishwa kichwani ni mateso kwa mtoto ambaye shingo haijakaza na kitovu hakijadondoka. Zichemshe, zipige pasi. Soksi jozi tatu, kofia mbili. Glavu hazikukaa mkononi hata siku moja, na viatu havina kazi kwa mtu ambaye hatasimama mpaka mwakani.

Kitanda nilikihukumu vibaya, na ninataka kukirekebishia heshima yake. Tulikichongesha Keko kwa laki moja na themanini, mbao nzuri, kina reli pande zote. Nikakijaza: mito miwili, vile vigodoro vya kuzungushia reli, dubu wa manyoya, na chandarua chenye lesi. Mtoto hakulala humo hata wiki. Kilikuwa kimebana, cha moto, na mimi kila nikichungulia naona mto umemkaribia pua, namtoa. Kikageuka kabati la nguo chafu, nami nikawa nawaambia watu wote kwamba kitanda cha mtoto ni hasara. Mimba ya pili nesi wa kliniki alitueleza kwamba mtoto mchanga alazwe chali, juu ya godoro gumu na bapa, pasipo mto, pasipo midoli, chumba kimoja na mama yake. Marekani walipitisha sheria mwaka 2022 ya kuzuia kabisa kuuzwa vile vigodoro vya kuzungushia reli, kwa sababu watoto wamekosa hewa humo. Nikarudi nyumbani nikatoa kila kitu. Kikabaki kitanda, godoro, mpira wa kuzuia mkojo chini ya shuka, na chandarua nilichopewa bure kliniki. Tukakisogeza karibu na kitanda chetu. Wa pili amelala humo miezi minane. Wale wanaouza mto wa kutengeneza kichwa cha mtoto kiwe cha duara, tafadhali usiwape hela yako. Kichwa cha mtoto kilichobonyea wakati wa kuzaliwa kwa kawaida hujirudi chenyewe.

Kigari kiliniuma zaidi kwa sababu ndicho nilichokitamani. Laki mbili na ishirini. Kutoka kwetu mpaka kituoni ni mchanga, mtaro, bodaboda na tope la masika. Nilikisukuma mara mbili, mara zote mbili tulirudi mmoja amebeba mtoto na mwingine amebeba kigari. Kwa anayekaa penye lami na njia za miguu inaweza kuwa hadithi nyingine. Kwangu mbeleko ndiyo iliyonipeleka kliniki, sokoni, msibani.

Sasa kopo la maziwa. Hili nalisema taratibu, maana wapo akina mama ambao maziwa hayo yameokoa watoto wao, na daktari akikuandikia, mpe mtoto bila kujilaumu. Mimi sikuandikiwa. Nililinunua mwezi wa nane wa mimba, "kwa tahadhari," likakaa juu ya kabati likinitazama. Usiku wa pili baada ya kujifungua, maziwa hayajajaa, mtoto analia mfululizo, nikalifungua. Sikujua kwamba ile dang'a ya njano, vijiko vichache tu, inamtosha mtoto siku hizo za mwanzo, na kwamba maziwa mengi huja siku ya pili hadi ya nne. Nilivyompa chupa akashiba akalala, akanyonya kidogo, matiti yakaumuka yakawa kama mawe. Ilinichukua wiki tatu za machozi kurudi kwenye kunyonyesha peke yake. Kwa wa pili sikununua kopo wala chupa. Usiku wa pili ulikuwa mgumu vilevile, lakini nyumbani hakukuwa na kitu cha kufungua, nikamweka kifuani tena na tena, asubuhi ya siku ya nne maziwa yakaja. Famasi zipo kila mtaa, likihitajika, litapatikana.

Pampu nayo isubiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatupa siku 84 za likizo ya uzazi, siku 100 kwa mapacha, na ukirudi kazini una haki ya muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Maana yake hitaji la pampu linakuja mwezi wa tatu. Ya umeme niliyonunua mapema ilikuwa na kikombe kisichonitosha, ikanichubua, na dukani hawarudishi. Kwa wa pili nesi alinifundisha kukamua kwa mkono kwenye kikombe safi kilichochemshwa, na nilipokaribia kurudi kazini nikanunua ya mkono kwa elfu thelathini na tano baada ya kujua kipimo changu. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kama saa nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, siku nne kwenye friji. Chumba cha Dar mara nyingi kinazidi hizo nyuzi, kwa hiyo nilikuwa nayaweka kwenye friji ya ofisi mara moja.

Kitu kidogo kuliko vyote ndicho ninachokishukuru zaidi. Kipimajoto cha elfu sita. Wa pili akiwa na siku kumi na tisa alikuwa amelegea tangu jioni, ananyonya mara mbili anaachia. Kila aliyemshika alisema ni joto la Januari. Nikamwekea kwapani: 38.1. Kliniki walikuwa wametuambia kwamba kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, nyuzi 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, usingoje asubuhi. Tukapanda bajaji saa saba za usiku. Alilazwa, akachomwa sindano siku saba, maambukizi ya damu. Daktari aliuliza homa ilianza lini na ilikuwa ngapi, nami nikawa na namba na saa. Sitaki kufikiria kama ningekuwa na seti ya manukato badala yake.

Vilivyobaki nivitaje haraka. Beseni la plastiki la elfu nane linatosha kuogea. Poda tupa, vumbi lake linaingia kifuani kwa mtoto. Dawa za maji za kutuliza tumbo sikumpa wa pili, na tumbo lilitulia vilevile kwa kumcheulisha na kumlaza kifuani kwangu. Kigari cha kujifunzia kutembea nililetewa zawadi, nikakiweka stoo. Kanada imekataza kuuzwa kwake tangu 2004 kwa jinsi watoto walivyoumia navyo.

Halafu kuna mama mwenyewe, ambaye kwenye orodha yangu ya kwanza hakuwamo hata mara moja. Laki tisa, na sikuwa na pedi za wazazi za kutosha. Wifi yangu ndiye aliyekimbilia famasi. Kwa wa pili nilianza na mimi. Pedi pakiti nne. Madera mawili ya kufunguka mbele. Chupa ya chai ya lita moja, iliyojazwa uji kila usiku saa nne, kwa sababu njaa ya anayenyonyesha haingoji kukuche. Ndizi na nyama kwa ajili ya mtori. Na elfu themanini kumlipa dada wa jirani aje kufua na kupiga pasi kila asubuhi kwa wiki sita. Katika vyote nilivyolipia kwa watoto hawa wawili, hizo elfu themanini ndizo ningezilipa tena leo bila kupiga hesabu. Nililala kwa saa mbili kila asubuhi wakati mtu mwingine anafua.

Mdogo wangu atajifungua mwezi wa nne, kwenye masika kama mimi. Jumamosi iliyopita tulikwenda naye Kariakoo. Tulinunua nepi dazeni moja, mpira mita mbili, beseni, kipimajoto, pedi, dera moja la kijani alilolipenda. Kwenye duka la vigari alisimama muda mrefu akashika usukani, akaniangalia. Sikumkataza, nilimuuliza tu nani atakibeba kuvuka ule mtaro wa kwao. Kanga sita kuukuu nimezitoa sandukuni, nimezifua jana. Mbili zina matundu, nimeziwekea viraka.