Boksi la bolti: tazameni mfuniko

Wadau, karibuni tena gereji, Arusha. Hii nyuma yangu ni Land Rover 109, Series III, petroli, injini imeshafunguliwa mpaka kranki. Boksi lenyewe mmeliona madukani, la plastiki, lina vyumba vyumba, sina haja ya kueleza. Wauzaji wanasema halichanganyi vitu, kwa hiyo leo nataka mtazame mfuniko tu.

Sogeza kamera. Chumba hiki washa, zile pete za chini ya bolti, za kava ya tapeti, mfuniko wa juu ya injini. Hiki za sampu, bakuli la oili la chini. Nafunga, klipsi zote mbili zimelia, zimeshika. Sasa nalilaza ubavu, kama mtu alivyolibeba kwapani. Narudisha. Nafungua. Haya, oneni! Washa tatu zimehamia kwa jirani. Ukuta haufiki kwenye mfuniko, pana upenyo hapa, ukucha wangu unapita. Narudia msije mkasema nimetikisa... Tano sasa!

Imeniuma sana, jamani. Wiki iliyopita dogo alilitoa benchi akalipeleka stoo, kazi ya hatua kumi, na mimi nikakaa jioni nzima na kalipa, kipimo cha unene, natenganisha washa moja moja. Na gari hili ni la inchi, si la milimita. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 inaingia vizuri kabisa halafu inakula kona za bolti. Ukichanganya na vya Toyota ya milimita iliyo pale pembeni, umekwisha.

Bolti za hedi, kile kichwa kinachofunika silinda, ndiyo haziingii kwenye boksi kabisa, ni ndefu. Hizo nimechora hedi kwenye kadibodi ya katoni, nikatoboa, kila bolti imesimama tundu lake, na fimbo za kusukumia valvu vilevile. Msidharau kadibodi. Bolti za hedi ya injini hii hazilingani urefu. Ndefu ukiitia kwenye tundu la fupi inagota chini, torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, inakwambia tayari, kumbe hedi haijabanwa. Gasketi mpya iliyo chini ya hedi inaungua, unaanza upya.

Mtaniuliza bakuli la sumaku. Ninalo, nalipenda kwa kazi ya dakika mbili, vitu havianguki hata ukiligeuza. Ila washa za kopa na nati za shaba za ekzosi hazishiki, na vyote vinalala rundo moja. Kwa injini nzima, hapana.

Kabla sijasahau, Jumamosi bloku inakwenda kuchongwa silinda, nitarekodi kila kitu, wale mlioomba muda mrefu mjiunge na chaneli mbonyeze kengele.

Sasa turudi kwenye mfuniko. Jana nimekata sponji ya godoro, nyembamba, nikaibandika ndani ya mfuniko kote. Nafunga, inabana kidogo. Nalaza ubavu. Nageuza juu chini kabisa. Nafungua... Washa za tapeti kwao, za sampu kwao. Hakuna iliyohama! Kwa hiyo nabadilisha maneno kidogo, boksi linafaa, kuta ni imara na klipsi nzuri. Lakini nimelipa shilingi 25,000. Sponji alitakiwa aiweke aliyelitengeneza. Muuzaji akikwambia halichanganyi, mwambie atie washa humo humo dukani, alilaze mbele yako.