Jelikoti ya kopo na kichupa chake cha nta, uzoefu wangu kwenye boti ya faiba

Haya wenzangu wenye boti za faiba, nimeitumia ile jelikoti nyeupe (lile koti gumu la nje la boti) ya kopo la kilo moja inayokuja na chupa ya hadena, yani dawa ya kuikazisha, na kichupa kingine kidogo cha nta iliyoyeyushwa, nimeinunua Mombasa kwa ajili ya boti yangu ya kupeleka wageni Kisite kuangalia pomboo. Ubavu wote ulikuwa una makovu ya kusuguana na gati hapa Shimoni, mengine yamezama mpaka nyuzi za faiba zinaonekana. Nimeridhika nayo sana, na kilichonifurahisha zaidi ni hicho kichupa cha nta ambacho wengi wanakiacha dukani wakidhani ni cha kung'arishia tu.

Yani jelikoti ni resini ya poliesta iliyotiwa rangi, na poliesta ikiwa inakauka haitaki hewa, oksijeni inazuia ule uso wa juu usikaze, ndo maana unakuta chini imekuwa ngumu kama sahani lakini juu bado inanata. Kiwandani hawalioni hili tatizo kwa sababu wao wanaanza na jelikoti ndani ya moldi, yani kalibu ya boti, halafu faiba inafuata, ule uso wa nje umelalia moldi hewa haiufikii, ila sisi wa kukarabati tunapaka tukiwa nje na upepo unapiga. Ukitia nta inapanda juu inafanya utando mwembamba, hewa haipiti, jelikoti inakauka yote, na msasa ukipita inatoka unga mkavu mweupe badala ya kuganda kwenye karatasi. Lakini jamani nta ni ya koti la mwisho peke yake! Ukiitia koti la kwanza la pili halishiki mpaka upige msasa upya. Kwa vidonda vidogo kuna njia nyingine naipenda, unabandika kipande cha polithini nene juu ya jelikoti mbichi, unakilaza taratibu na kipande cha plastiki hewa itoke, ukikibandua imekauka na uso umeshalainika nusu ya kazi.

Hadena yake nzuri ila kwa joto letu inakimbia. Kopo limeandikwa asilimia 1 mpaka 2, mi natumia 1 na nusu, yani gramu 200 za jelikoti napimia karibu mililita 3 kwa bomba la sindano la duka la dawa, sikadirii kwa macho kabisa. Ukishuka chini ya 1 haitakaza vizuri hata ukiiacha wiki, ukizidisha inaganda mkononi na baadaye inapasuka nyufa. Nachanganya kidogo kidogo, asubuhi, boti ikiwa kivulini. Na miwani vaa tafadhali, hiyo hadena ikiingia jichoni inaweza kukupofusha, na maski iwe ile ya kuchuja kemikali, ya kitambaa haizuii harufu ile.

Kitu kingine usiizimue na asetoni, najua mafundi wengi wanafanya hivyo ikiwa nzito, asetoni inabaki ndani inaleta vitundu vidogo vidogo ambavyo unaviona ukishamaliza kung'arisha, inauma sana. Asetoni kazi yake ni kufuta mafuta na nta ya zamani KABLA ya msasa, ukianza msasa kabla ya kufuta unaisukuma ile nta ndani ya mikwaruzo.

Sasa ulaini wenyewe. Paka mpaka kiraka kiinuke kidogo juu ya sehemu nyingine maana inanywea, unene wa karibu nusu milimita unatosha, ikiwa nyembamba sana haikazi. Acha mpaka kesho yake. Halafu msasa uwe umefungwa kwenye kibao, nasema kibao sio vidole, kwa sababu vidole vinafuata mabonde na ukija kuweka kompaundi, ile dawa ya kung'arishia, jua likipiga ubavu unaonekana una mawimbi. Mi naanza na msasa namba 320 kuondoa mlima, halafu 600, 800, 1000, 1500, kuanzia 600 natumia maji na tone la sabuni, na kila namba nabadilisha upande wa kusugua ili nione mikwaruzo ya namba iliyopita imeisha. Kabla ya kila namba nachora penseli juu ya kiraka, pale penseli inapobaki ujue pana bonde. Kuruka namba haisaidii, kompaundi haiwezi kufuta mkwaruzo wa 320 hata uisugue mpaka usiku, tena bafa (mashine ya kung'arishia) ya spidi kubwa inaunguza kingo.

Nnachokilalamikia kidogo ni rangi, nyeupe yake ni nyeupe mno na boti iliyokula jua miaka inakuwa na umanjano. Piga kompaundi sehemu ya zamani kwanza uone rangi yake halisi, ndo utie matone ya rangi ya njano na nyeusi, kidogo sana, ukiangalia nje mchana sio chini ya taa. Ningependa wangeweka na hizo rangi kwenye boksi.

Mengine yote sawa, kiraka cha omo, kule mbele ya boti, hata kwa kiganja sikioni kilipoanzia. Mkinunua angalieni tarehe chini ya kopo, jelikoti iliyokaa sana kwenye joto inaganda yenyewe bila hata hadena.