Fundi wa Mwanjelwa na Dell OptiPlex 3050 Micro yangu: ssd kwanza, ram inafata

Wenye steshenari na ofisi ndogo hapa Mbeya, kama una kale kakompyuta kadogo ka Dell OptiPlex 3050 Micro, kale kanakoweza kufungwa hadi nyuma ya skrini, usikauze kwa bei ya kutupa eti kamekua kazito. Ya kwangu ilifika hatua mwanafunzi wa chuo cha MUST anakuja na flashi anataka kuprinti kazi ya kukusanya muda huohuo, unafungua Word mnasubiri, unafungua brauza mnasubiri, na msimu wa maombi ya mkopo HESLB ndo usiseme, foleni hadi nje af mashine imeganda, watu wanahamia kwa jirani unawaangalia tu.

Duka moja la mjini (silitaji) hawakugusa hata skrubu, wakasema nunua ingine, au waniuzie ram (kumbukumbu ya muda ambayo mashine inafanyia kazi) ile ndefu ya desktop kubwa, ambayo kwenye hii haiingii kabisa maana hizi ndogo zinatumia ram fupi za laptop, aina ya DDR4.

Huyu fundi wa Mwanjelwa ni mtu wa aina ingine. Kabla hajafungua chochote aliiwasha, akaweka Task Manager, ile sehemu ya Windows inayoonesha nini kinalemea mashine, akaniambia angalia hapa kaka, diski iko asilimia 100 muda wote, prosesa imekaa tu haina kazi, ram ya GB 4 imejaa. Akanieleza kwamba ram ikijaa Windows inaanza kuhifadhi vitu kwenye diski, sasa diski yenyewe ni ile ya kuzunguka, inasoma kama MB 100 kwa sekunde kwenye faili kubwa na kwenye vifaili vidogovidogo inashuka vibaya sana, kwaiyo moja inamzidishia mwenzake mzigo. Ndo akasema dawa ni kuongeza ram na kuweka ssd, yaani diski isiyozunguka inayosoma haraka zaidi, na kama hela haitoshi vyote anza na ssd. Fundi anayekwambia ununue kidogo mimi namheshimu sana.

Kufungua ni skrubu moja nyuma unazungusha kwa vidole, kava linateleza. Ndani kuna vumbi we acha, hii barabara ya njia nne inavyojengwa na sisi wa Iyunga tuko pembeni yake, akalipuliza lote na kusafisha feni bila kuongeza hata mia. Kuna sehemu mbili za ram, inabeba mpaka GB 32, kuna nafasi ya ssd ya M.2 ile nyembamba kama kipande cha ubao, na nafasi ya diski ya inchi 2.5. Hapo kwenye M.2 kuweni makini maana ziko za SATA zinazoishia kama MB 550 kwa sekunde na ziko za NVMe ambazo zinafika hata MB 3,000, kwa macho zinafanana, ila ya SATA mara nyingi ina mikato miwili kwenye meno na NVMe ina mmoja. Tuliweka NVMe ya GB 256, na ram mbili za GB 8 badala ya moja ya 16, sababu zikiwa pacha zinafanya kazi pamoja, na hii mashine haina kadi yake ya picha, inakula humohumo kwenye ram. Windows akaihamisha yote kama ilivyo, mafaili ya wateja sikupoteza hata moja, na ile diski ya zamani ikabaki ndani ya kutunzia kopi.

Sasa hivi kiukweli ni mashine nyingine. Unabonyeza kuwasha, kabla hujavuta kiti ishafika. Fomu ya HESLB, Ajira Portal, Word na skana vyote viko wazi kwa pamoja na haigandi. Umeme ukikata UPS ndogo (lile boksi la betri ya akiba) inaibeba vizuri tu maana adapta yenyewe ni wati 65.

Ila mjue haya kabla hamjaenda. Prosesa ya hii ni kizazi cha 6 au 7, na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha 8 kwenda mbele, wakati Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ram na ssd havibadilishi hilo, kwaiyo kama ndo unanunua leo tafuta 3060 Micro, lakini kama unayo tayari ipo Linux, mfumo mwingine wa kutumia badala ya Windows, nayo fundi anaweka. Lingine, ram zimepanda bei sana kuanzia mwishoni mwa 2025, usishangae ukitajiwa. Na huyu jamaa haweki mzigo mwingi dukani, vingine anaagiza Kariakoo vinakuja na basi, kwaiyo usimpelekee ijumaa jioni ukategemea jumamosi asubuhi ufungue nayo. Ufundi alinitoza elfu 15 na ram ya zamani akanirudishia mkononi.