Coaster yetu ya kulala: kutoka lita 74 mpaka 57, Mtwara–Masasi kwenda na kurudi

Sisi ni wauza vitenge wa minadani. Msimu wa korosho ukishika moto na wakulima wakaanza kulipwa, mimi na mke wangu tunafunga nyumba Mtwara mjini tunawafuata wateja waliko: Mnazi Mmoja, Mtama, Ndanda, Masasi, mpaka Newala juu. Gesti za kila usiku zilikuwa zinakula faida yote. Ndiyo maana miaka mitatu iliyopita tulinunua Coaster iliyochoka, injini ya 1HZ (dizeli ya Toyota ya silinda sita), tukang'oa viti, seremala akatupigia kitanda, kabati na meza ya jiko la gesi. Kwa kulala, gari hili nalipa alama zote. Kwa dizeli, mwaka wa kwanza lilitutesa kweli.

Kipimo changu ni hiki. Najaza sheli ileile, pampu ileile, mpaka bomba lijikate lenyewe. Naenda Masasi kwa njia ya Mnazi Mmoja, narudi, najaza tena. Pamoja na kuzungukazunguka, dashibodi inasoma kilomita 412. Mara ya kwanza ziliingia lita 74, yaani kilomita tano na nusu kwa lita moja. Dereva mmoja wa abiria mwenye Coaster kama yangu aliposikia alinishika bega: "Kaka, hiyo gari inaumwa."

Kabla ya kumtafuta fundi nilinunua kichupa cha dawa ya kuchanganya na dizeli, muuzaji aliapa nitaona mabadiliko tangi la kwanza. Nimekitumia safari mbili, lita ni zilezile. Pesa ile ningenunua filta.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa unaonekana kwa macho. Kila nikikanyaga mafuta kwenye mwinuko, nyuma moshi mweusi tii. Moshi huo ni dizeli isiyoungua yote: ama hewa ni haba, ama nozeli, vile vidomo vinavyopulizia dizeli ndani ya injini, zinakojoa badala ya kupuliza ukungu. Kwangu vyote viwili vilikuwepo. Filta ya hewa nilipoigonga chini ilimwaga vumbi jekundu la kujaa kiganja. Nozeli nilimpelekea mzee mmoja, fundi pampu wa hapa Mtwara, na huduma yake naipendekeza kwa yeyote mwenye dizeli ya zamani. Hakukimbilia kuniambia ninunue mpya zote sita. Alizifunga moja moja kwenye mashine yake ya mkono, akashusha mpini, akaniita nisogee niangalie. Nne zilitoa ukungu mwembamba uliosambaa sawasawa. Ya pili na ya tano zilirusha uzi mmoja wa mafuta, kisha zikabaki na tone linaning'inia mdomoni. Akabadilisha vichwa vya hizo mbili tu. Niliporudi Masasi na kujaza: lita 68. Moshi uliisha.

Nilidhani nimemaliza, kumbe nusu kubwa ya ulaji ilikuwa kwangu mwenyewe.

Siku moja tumesimama Ndanda kununua ndizi, mke wangu akasema ananusa kitu kinaungua. Nikazunguka nikigusa ringi moja moja. Tatu zilikuwa na joto la kawaida; ya nyuma kushoto ilinirudisha mkono. Breki ilikuwa imeshika, gari linavutwa nyuma kilomita zote hizo na mimi naongeza mafuta kulisukuma. Tangu siku hiyo kila nikisimama nagusa ringi, na upepo wa tairi napima asubuhi zikiwa baridi, kwa namba ya kwenye kibandiko cha mlangoni.

Kisha uzito. Tulikuwa tunajaza pipa la maji la lita 200 Mtwara kabisa, wakati lita moja ya maji ni kilo moja: hao ni watu wazima watatu tunawabeba bure mpaka Masasi, ambako maji yapo. Sasa tunatoka na madumu mawili. Na ile keria ya juu yenye marobota na turubai linalopigapiga njia nzima nimeishusha, marobota yanalala chini ya kitanda. Mke wangu hakupenda mwanzoni, maana pale ndipo alipokuwa anaweka masufuria. Tukayahamishia kwenye kabati.

Jambo kubwa kuliko yote ni mwendo. Nilikuwa natembea 95 panapokuwa wazi, sasa 75. Uso wa Coaster ni ukuta, na upepo haupandi kidogokidogo: ukizidisha mwendo mara mbili, unakuzuia mara nne. Ukitoka Lindi kurudi Mtwara wakati wa kusi utalisikia gari likizuiwa waziwazi. Gia nabadilisha mapema, sindano ikikaribia mizunguko 2,000, kwa sababu injini hii inavuta vizuri chini na haihitaji kupigishwa kelele. Masasi tunachelewa kama nusu saa tu, kwani vijijini kwenye 50 sote tunakwenda sawa.

Na tafadhali, kushuka Newala kuelekea Masasi msitoe gia mkidhani mnaokoa mafuta. Ukiachia mguu gari likiwa kwenye gia, pampu inakata dizeli yenyewe; ukiweka free, injini inaendelea kunywa ya sailensa, yaani ya kunguruma tu bila kukanyagwa, na breki ndizo pekee zinazobeba mzigo wote. Mimi nashuka na gia ya tatu, penye kona kali ya pili.

Kipimo cha mwisho, mwezi uliopita, njia ileile na vitenge vilevile: lita 57. Kilomita saba na kidogo kwa lita. Kati ya lita 17 zilizopungua, sita ni za filta na yule mzee wa nozeli. Kumi na moja ni breki, maji, keria na mguu wangu. Bei inayotangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi siwezi kuigusa, lakini lita 17 kila safari ya Masasi ni vitenge vipya kwenye meza.

Kilichobaki ni mlima wa Newala. Pale bado linakunywa, na sijapata dawa zaidi ya kupanda taratibu na madumu matupu, kisha kuyajaza tukifika juu.